Tumeondoa Nondo, Tukamweka Dada wa Kaunta

Ilikuwa mwisho wa mwezi, jua limeshazama, na magari ya watu wanaorudi Nkuhungu kutoka mjini yalikuwa yamejaa barabarani. Niliingia kwenye supamaketi ndogo ya mtaani kununua mkate na sabuni ya kufulia. Nikiwa nasubiri chenji, kijana wa miaka kama ishirini akapita nyuma yangu kwa haraka, mkono mmoja ukiwa ndani ya koti. Mwezi wa saba Dodoma kuna baridi, koti halimshangazi mtu. Dada wa kaunta alimwona kabla yangu. Hakusema neno. Aliruka kaunta, kandambili moja ikabaki mlangoni, akamkamata kijana kwenye ngazi za nje kwa ukosi wa koti. Kopo la maziwa ya unga ya mtoto likadondoka. Kijana akajipapatua, akampiga dada kiwiko cha mdomo, akatoka mbio.

Hapo ndipo sauti ilipotoka, na haikuwa ya dada. Mtu aliyekuwa amesimama nje, ambaye hakujua kilichoibwa wala kama kimeibwa kitu, alipiga kelele: "Mwizi! Mwizi huyo!" Bodaboda waliokuwa kijiweni ng'ambo ya barabara wakawasha pikipiki.

Kijana hakufa. Aliingia kwenye geti lililokuwa wazi, mzee mwenye nyumba akalifunga kwa ndani, akasimama nyuma yake na kumpigia simu mwenyekiti wa mtaa. Polisi walipofika walimchukua akiwa amepasuka kichwa, lakini anatembea. Mzee yule simjui, sijawahi kukutana naye tena, na kila nikipita kwenye lile geti namwombea.

Nilirudi dukani kuchukua chenji yangu. Dada alikuwa ameinama kwenye ndoo anasukutua damu. Nikampa pole, nikamuuliza kwa nini amfuate mtu peke yake, je, angekuwa na kisu?

"Kaka," akaniambia, "lile kopo ni elfu thelathini na mbili. Lingeondoka, ningelilipa mimi."

Kabla ya jioni ile nilikuwa na jibu langu kuhusu wafanyakazi wa maduka na wezi: wasiwaguse, mali hutafutwa, uhai hautafutwi. Bado naamini hivyo. Ila nimeona kwamba jibu hilo, likisemwa peke yake, ni ushauri wa mtu aliyeshiba kwa mtu mwenye njaa. Anayetaka dada yule asiruke kaunta lazima kwanza aseme nani atalilipa lile kopo.

Marekani na Uingereza mjadala huu umekwenda mbali. Kule, kampuni nyingi kubwa za rejareja zinawakataza wafanyakazi wa kawaida kumkimbiza au kumshika mtu anayeiba, na wengine wamefukuzwa kazi kwa kukiuka. Mwaka 2023, katika jimbo la Georgia, wafanyakazi wawili wa duka la nguo la Lululemon waliachishwa kazi baada ya kuwafuata hadi mlangoni watu waliokuwa wakikomba nguo kwenye rafu. Watu wengi walikasirika, lakini mkurugenzi mkuu wa kampuni aliitetea hatua ile hadharani. Anayeona ukatili katika uamuzi huo akumbuke pia yaliyotokea North Carolina mwishoni mwa 2022. Mfanyakazi wa Home Depot mwenye umri wa miaka 83 alimsogelea mtu aliyekuwa akitoka na mashine bila kulipa, akasukumwa, akaanguka, na baada ya wiki kadhaa akafariki kutokana na majeraha. Aprili 2023, kwenye duka la kampuni hiyohiyo huko Pleasanton, California, mfanyakazi wa kitengo cha kuzuia wizi alipigwa risasi akijaribu kumzuia mwizi, akafa. Uingereza, chama cha wenye maduka kilihesabu zaidi ya matukio 2,000 kwa siku ya wafanyakazi kutukanwa, kutishwa au kupigwa katika mwaka wa 2023/24, na Scotland ilikuwa imeshatunga sheria yake mwaka 2021 ya kuwalinda wafanyakazi wa maduka.

Ukimsomea dada wa Nkuhungu habari hizi atazielewa vizuri kabisa. Lakini hazimhusu kwa namna moja kubwa: kampuni inayomwambia mfanyakazi wake "mwache aondoke" ndiyo inayobeba hasara. Inaiingiza kwenye vitabu vyake, inaipangia bei, inaikatia bima. Hapa kwetu wenye maduka wengi hawajaandika popote kwamba mfanyakazi amkamate mwizi, wala kwamba amwache. Wamenyamaza, kisha mwisho wa mwezi wanahesabu mzigo. Hesabu hiyo ndiyo amri.

Niliyekulia Dodoma nayakumbuka maduka ya nondo. Makole, Chang'ombe, Kizota, kila mtaa ulikuwa na la kwake: chumba kimoja, dirisha kubwa lililofumwa kwa nondo au wavu wa chuma, na katikati tundu la kupitisha mkono. Unasimama nje. "Mangi, nipe robo ya sukari na kiberiti." Mangi anageuka, anapima, anapokea hela kwanza, ndipo anakupitishia. Kila kitu kilikuwa upande wake, hata bazoka za shilingi hamsini. Mchana hakukuwa na cha kuiba labda umwibie mteja mwenzako. Mwizi wa duka alikuwa mtu wa usiku, mwenye nyundo na tindo. Muuzaji hakuhitaji kuwa na mbio wala misuli, maana chuma kilimfanyia kazi hiyo.

Kisha mji ukabadilika. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu 1973. Mwaka 2018 tukawa jiji. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo la jiji hili. Ya 2022 ikakuta 765,179. Watumishi wa wizara, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mafundi na wajenzi wa mji wa Serikali wa Mtumba, wote walihitaji mahali pa kununulia vitu jioni. Fremu zikajengwa kila kona ya Ilazo, Kisasa na Nzuguni, na ndani yake zikafunguliwa supamaketi ndogo. Nondo zikatoka. Rafu zikawa wazi, vikapu vikawekwa mlangoni, mteja akaambiwa ajichagulie.

Mwenye duka haondoi nondo kwa ukarimu. Anajua kwamba mteja anayeshika bidhaa kwa mkono wake hununua zaidi. Ulikuja kuchukua mkate, unatoka na mkate, juisi, mafuta ya nywele na biskuti za watoto. Faida ya rafu wazi ni hiyo, na ni halali yake. Lakini biashara ya aina hii inakuja na hasara inayojulikana tangu mwanzo: baadhi ya mikono itakayoshika bidhaa haitafika kaunta. Ukipokea ile faida ya juisi na biskuti, umeipokea na hasara ya kopo la maziwa. Haiwezekani faida iende kwa tajiri na hasara ibaki kwa muuzaji.

Nondo zilipotoka ilibidi kitu kikae mahali pake. Maduka makubwa yameweka mlinzi mlangoni na kamera juu. Haya madogo, ambayo ndiyo mengi, yameweka msichana mmoja. Yeye ndiye keshia, ndiye anayepanga rafu na kufagia, ndiye anayepokea mzigo wa soda, na pasipo mtu kumwambia, ndiye nondo.

Wauzaji wana neno lao, "shoti". Shoti ni pengo linaloonekana wakati wa kufunga hesabu: hela haikufika inapotakiwa kufika, au mzigo umepungua kuliko mauzo. Kuna shoti za namna nyingi. Keshia anaweza kurudisha chenji iliyozidi. Gari la kusambaza linaweza kuleta katoni 9 na karatasi inasema 10. Panya wapo, bidhaa zilizopita muda zipo, na kuna tajiri mwenyewe au ndugu zake wanaochukua soda "nitaandika baadaye" bila kuandika. Wizi wa wateja ni sehemu tu ya shoti. Lakini shoti ikishaonekana haiulizwi imetoka wapi. Inagawanywa kwa wafanyakazi waliokuwepo mwezi ule, inakatwa, basi. Nimeongea na wauzaji wa kutosha katika mji huu kujua kwamba wengi wao wanaichukulia kama mvua, jambo la Mungu.

Wala si la Mungu, maana sheria imeligusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kukata mshahara kiholela. Ili akate kwa ajili ya hasara, hasara hiyo iwe imetokea kazini na imesababishwa na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na alivyolipigia hesabu. Ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga. Mfanyakazi akubali kwa maandishi. Na hata yote hayo yakitimia, makato yasizidi robo ya mshahara wake.

Nataka tukae kidogo kwenye yale maneno "kosa la mfanyakazi". Kijana anayeingia na koti, akavizia keshia anapiga hesabu ya mteja mwingine, akachukua kopo kwenye rafu ya nyuma ambayo kaunta haiioni, hapo kosa la keshia ni lipi? Alikuwa anafanya kazi aliyoajiriwa kufanya. Aliyepanga rafu za bidhaa ghali mahali pasipoonekana ni mwenye duka. Aliyeamua kuwa na mfanyakazi mmoja jioni ya mwisho wa mwezi ni mwenye duka. Kumkata keshia kwa wizi wa namna ile ni kumfanya awe bima ya tajiri, tena bima ambayo badala ya kulipwa, yeye ndiye analipa.

Tuiweke kwa namba. Amri ya mishahara iliyotumika kuanzia Januari 2023 hadi mwisho wa 2025 iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata kama shilingi 5,770 kwa siku. Kopo la shilingi 32,000 ni zaidi ya siku tano za kusimama kaunta kuanzia asubuhi. Kodi ya chumba haisubiri, na nyumbani Kondoa au Mpwapwa kuna mdogo wake anayesubiri ada. Sasa mwambie mtu huyu asiruke kaunta. Ndani ya sekunde mbili alizokuwa nazo hakuchagua kati ya uhai wake na mali ya bosi, kama tunavyopenda kusema sisi tuliokaa. Alichagua kati ya hatari ambayo huenda isitokee na hasara ambayo lazima itokee.

Na niseme lililonikera kuliko yote. Nilipopita pale wiki iliyofuata, dada alinieleza kwamba kopo lilirudi dukani likiwa limebonyea ubavu. Likauzwa kwa bei ya chini, na tofauti ya bei ikaandikwa kwenye daftari lake.

Wapo watakaosema kwamba sheria inaruhusu mwananchi kumkamata mwizi, hivyo dada alikuwa ndani ya haki yake. Ni kweli inaruhusu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtambua raia anayemkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila ucheleweshaji usio wa lazima. Ruhusa hiyo ina mipaka: nguvu isizidi ile inayohitajika kumzuia, na akishazuiwa habanwi zaidi ya hapo. Kumfungia mtu stoo masaa matatu hadi ndugu zake walete hela hakumo. Kumpekua mwanamke kwa mikono ya mlinzi wa kiume hakumo. Kumpiga picha ameshika kopo na kuibandika ukutani chini ya maandishi "WEZI WETU" hakumo pia, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo wenye maduka wangefanya vizuri kuisoma kabla ya kurusha picha za watu kwenye magrupu.

Lakini kuruhusiwa kufanya jambo si kuwajibika kulifanya, na kuna jambo ambalo wanaoitegemea ruhusa hii hawalitazami. Kanuni ya Adhabu inatofautisha wizi na unyang'anyi kwa kitu kimoja: nguvu. Mtu akichukua kopo na kuondoka kimyakimya, ni wizi. Akitumia nguvu au vitisho ili abaki na alichokiiba, hata kama ni mara tu baada ya kukichukua, ameingia kwenye unyang'anyi, ambao adhabu yake ni nzito zaidi. Na kama alikuwa na silaha, hata kisu cha kumenyea machungwa mfukoni, akakitoa ili aachiwe, basi mashtaka yanaweza kuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kile kifungu ambacho mahabusu wote nchini wanakijua kwa jina la 287A. Kifungo chake hakipungui miaka 30.

Tazama mahali mabadiliko hayo yanapotokea. Yanatokea pale mkono wa muuzaji unaposhika ukosi wa koti. Kabla ya hapo palikuwa na kopo na kijana mjinga au mwenye shida. Baada ya hapo pana mtu aliyebanwa, anayeogopa, anayetafuta njia kwa kiwiko au kwa kisu. Simsafishi kijana, maana kiwiko kile ni chake na anapaswa kukijibia mbele ya hakimu. Nasema tu kwamba tumemweka msichana wa mshahara wa kima cha chini kwenye mlango ambao wizi mdogo hugeukia kuwa kosa la miaka 30, na hatukumfundisha lolote.

Akiumia, nani anamhudumia? Kwanza atakwenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, kisha hospitali. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia na mfanyakazi hakatwi kitu, na mtu aliyeumizwa akiwa kazini ana haki yake pale. Lakini madai huwa mepesi kwa mfanyakazi ambaye mwajiri wake amejisajili na ambaye jina lake linaonekana kwenye orodha ya mishahara. Wasichana wengi wa hizi fremu hawana hata mkataba wa karatasi moja, wameletwa na shangazi, wanalipwa mkononi. Damu yake itaoshwa kwenye ndoo ya dukani.

Hadi hapa nimesema juu ya mikono. Sauti inanitisha zaidi.

Neno "mwizi" likipigwa kwa kelele barabarani hapa kwetu halina maana ileile linayobeba London au Chicago. Kule linaweza kumleta polisi au mtu mwenye simu ya kurekodi. Hapa linaleta mawe, linaleta tairi. Magazeti yetu yana msemo wake uliozoeleka mpaka hatuusikii tena: "aliuawa na wananchi wenye hasira kali". Kwa miaka mingi taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikihesabu vifo hivyo, na hesabu imekwenda hadi mamia kwa mwaka. Wananchi hao hawakushuhudia wizi. Walisikia neno. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na huyu wa barabarani hajashtakiwa hata na mtu mmoja mwenye jina.

Kwa hiyo mfanyakazi anayemfuata mwizi hadi nje ya mlango anamtoa mtu huyo mikononi mwake na kumkabidhi kwa barabara, apende asipende. Dada wa Nkuhungu hakupiga kelele. Alijua. Lakini kumkimbiza mtu ni kelele tosha, kila aliyekaa kijiweni anaelewa maana ya msichana mwenye sare ya duka na mguu mmoja peku. Kama lile geti lingekuwa limefungwa, kijana angekufa kwa shilingi 32,000, na dada angekuwa shahidi wa mauaji, au mbaya zaidi, mtuhumiwa. Halafu kuna yule ambaye hakuiba kabisa: ametoka na risiti mfukoni, au ameingia na soda aliyoinunua duka la jirani. Wenye maduka wanasema makosa ya namna hiyo ni machache. Kwa huyo mmoja hayana uchache.

Najua jibu la tajiri, na sitalipita kwa juujuu kwa sababu lina uzito. Anasema: wakijua hatuwagusi, watabeba duka zima mchana kweupe. Anasema polisi wakipigiwa 112 watakuja kwa wakati wao, na kwa kopo moja huenda wasije. Anasema mtaji wake ni mkopo, na benki haiulizi kuhusu wezi. Yote haya ni kweli katika maisha yake. Mama mwenye meza ya viatu Soko la Majengo, aliyeanza na hela ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, akimkimbiza mtu aliyenyakua pea moja, siwezi kumwita mpumbavu. Ni mtaji wake na ni mwili wake, na uamuzi ni wake. Ninamhofia tu. Tena mama huyo ana kitu ambacho dada wa supamaketi hana, yaani majirani wa meza ya kushoto na ya kulia wanaomtazamia biashara akienda kuswali au kununua chai. Wezi wanalijua hilo, ndiyo maana wanapendelea duka lenye msichana mmoja.

Wengine hunikumbusha sungusungu, kwamba sisi ni watu wa kukamata wezi wetu wenyewe. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Unyamwezini na Usukumani, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Yaliyokuwa mabaya yao yanajulikana, maana waliumiza na kuua watu ambao hawakupata nafasi ya kujieleza. Lakini hata wao hawakumtuma binti mmoja mwenye kandambili. Walitoka kijiji kizima, na viongozi wao, kwa utaratibu wao. Ukitaka kuiga mila, iige yote, pamoja na ile sehemu inayosema mzigo wa ulinzi ni wa wote.

Na hiyo hofu ya kubebewa duka zima ina dawa nyingi kabla ya kufika kwenye mikono ya mtu. Mwuzaji mzoefu ataniambia mimi badala ya mimi kumwambia. Mteja akiingia msalimie, mtazame usoni, muulize anatafuta nini. Mtu aliyekuja kuiba hapendi kuonwa, na salamu ya "karibu kaka" imezuia wizi mwingi kuliko rungu. Mizigo na mabegi yaachwe kaunta kwa kibao cha namba. Maziwa ya watoto, wembe, manukato, betri, vyote vidogo vyenye bei kubwa, vikae nyuma ya keshia. Ndiyo, ni kurudisha nondo kidogo, na sioni aibu yake. Njia ya kutokea iwe moja. Saa za magharibi na tarehe za mshahara wawepo watu wawili, kwani hapo ndipo duka hujaa na jicho moja halitoshi. Anayeweza kuweka kamera aiweke mahali inapoona rafu, maana nyingi ninazoziona zimeelekezwa kwenye droo ya hela, kumlinda tajiri dhidi ya keshia wake. Na mzigo uhesabiwe kila wiki, siyo kila mwezi, ili shoti ijulikane imetoka wapi kabla haijazeeka.

Mlinzi ni habari nyingine. Yeye ameajiriwa kwa kazi hiyo, na anayeajiri kampuni ya ulinzi ana haki ya kuuliza kama mtu aliyeletewa amefundishwa kumzuia mtu bila kumvunja. Lakini hata mlinzi, kwangu mimi, kazi yake iishie mlangoni. Akishindwa kumzuia kwa kusimama na kwa maneno, aangalie sura, nguo, namba ya pikipiki na upande aliokwenda, kisha apige simu kwa polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa. Asiingie barabarani. Nimeshaeleza barabara ina nini.

Chama cha wafanyakazi wa biashara, TUICO, kipo, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa anayekatwa kinyume cha sheria. Maofisa kazi wako hapahapa makao makuu, dakika chache kwa daladala kutoka kwenye fremu ninazozisema. Ningependa siku moja waingie kwenye supamaketi kumi za Ilazo na Nzuguni bila kutoa taarifa, wasitafute kingine chochote, waombe tu daftari la shoti. Kila duka lina daftari hilo, na mara nyingi ni kaunta buku la jalada gumu, majina ya wasichana yakiwa yameandikwa kwa peni nyekundu.

Na kwa mwenye duka anayesoma hapa, ambaye hana haja ya kusubiri ofisa kazi, ninaomba karatasi moja. Uiandike wewe, uisaini, uibandike nyuma ya kaunta mahali ambapo keshia wako anaiona na mteja haioni. Iseme kwamba mtu akiiba, mfanyakazi hamfuati nje, hamshiki, na hapigi ukelele wa mwizi. Iwe na namba ya kituo cha polisi cha karibu, ya mwenyekiti wa mtaa, na ya kwako. Iseme kila tukio liandikwe siku ileile: saa, bidhaa, bei. Na mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa kuliko za juu, useme: bidhaa iliyoibwa na mteja haikatwi kwenye mshahara wa mtu yeyote.